Kwa nini maji ya chumvi na sukari hayamkaushi mgonjwa wa kuhara: jibu kwa mwalimu wa Biolojia

Mwalimu mmoja wa Biolojia wa kidato cha tatu, mkoani Tanga, ameniletea swali lililozuka darasani mwake baada ya jaribio la vipande vya kiazi. Wanafunzi walitumbukiza vipande vingine vya kiazi mviringo katika maji matupu na vingine katika maji yenye sukari nyingi. Vya kwanza vikakakamaa na kuongezeka uzito, vya pili vikalegea na kupungua. Walipokwisha kuandika kwamba maji hutoka penye mmumunyo hafifu kwenda penye mmumunyo mzito, mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa ndivyo, mtu anayeharisha anapopewa maji yenye chumvi na sukari, kwa nini mmumunyo huo usivute maji kutoka mwilini kuingia utumboni na kumkausha zaidi? Mwalimu ameongeza maswali mawili yake mwenyewe: sukari ina kazi gani katika ORS, yaani ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji na kunyweshwa mwenye kuhara, na je, soda au madafu yanaweza kushika nafasi ya ORS nyumbani?

Mwalimu, mwanafunzi huyo amefikiri vizuri kuliko wengi, kwa maana ameichukua kanuni ya darasani na kuipeleka mahali ambapo uhai wa mtu unaitegemea. Kanuni aliyoitumia ni sahihi, wala utumbo hauivunji. Kinachokosekana katika hoja yake ni jambo moja: sukari iliyozunguka kile kipande cha kiazi ilibaki nje ya seli kwa muda wote wa jaribio, ilhali sukari na chumvi vinavyofika katika utumbo mwembamba havibaki pale vilipo. Seli za utumbo huvichukua na kuvipitisha upande wa pili, kwenye damu, na vikishahama, upande uliokuwa mzito haubaki kuwa ule ule. Hakuna seli ya mwili wetu yenye pampu ya kusukuma maji yenyewe. Seli inayotaka kuhamisha maji huhamisha kwanza chumvi au kitu kingine kilichoyeyuka, kisha maji hukifuata kwa osmosisi ile ile waliyoiona wanafunzi wako. Kwa hiyo swali lako kwa hakika ni swali la jinsi utando wa seli unavyovipitisha vitu hivyo, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Utando huo umeundwa kwa tabaka mbili za mafuta maalumu yaitwayo fosfolipidi. Kichwa cha kila molekuli ya fosfolipidi hukubaliana na maji na mikia yake miwili huyakimbia, hivyo vichwa huelekea nje na ndani ya seli ilhali mikia hukutana katikati. Mwaka 1925, nchini Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel waliyatoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanatosha kuzifunika chembe hizo mara mbili. Hapo ndipo wazo la tabaka mbili lilipoanzia. Unene wa utando mzima hauzidi nanometa 10, lakini kwa ioni ya sodiamu sehemu ile ya katikati ni kizuizi kikubwa mno. Ioni iliyo ndani ya maji huwa imezungukwa na molekuli za maji zinazoishikilia kwa mvuto wa chaji zao, na ili ipenye katikati ya mafuta sharti ibanduke kwenye maji hayo, jambo linalohitaji nishati nyingi ambayo haipo. Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya mafuta bila shida kwa usambaaji wa kawaida. Maji hupenya kwa kiasi fulani. Glukosi, kwa kuwa ni kubwa na inapenda maji, hupenya kwa shida sana, na ioni hupenya polepole kuliko maji kwa zaidi ya mara milioni. Ndiyo maana vitu hivi viwili vya mwisho, ambavyo ndivyo vilivyomo katika pakiti ya ORS, havina njia ya kuingia isipokuwa kupitia protini zilizopachikwa ndani ya utando.

Baadhi ya protini hizo ni mifereji iliyo wazi au inayofunguka kwa ishara. Peter Agre, nchini Marekani, alionyesha mwaka 1992 kwamba hata maji yana mifereji yake, inayoitwa akwaporini, na mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Roderick MacKinnon aliyechunguza mifereji ya potasiamu. Mfereji mmoja wa akwaporini huweza kupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde, tena bila kuruhusu protoni kupita. Pamoja na kasi hiyo yote, mfereji huo hauamui maji yaende upande gani. Hurahisisha tu safari ambayo osmosisi imekwisha kuielekeza. Ningependa wanafunzi walishike jambo hili, kwa sababu wengi wakisikia habari za mifereji ya maji hudhani kwamba seli imepata namna ya kuyasukuma.

Protini nyingine ni wabebaji. Hizi hukipokea kitu upande mmoja, hubadili umbo, kisha hukiachia upande wa pili. Mbebaji wa glukosi aitwaye GLUT2, aliye upande wa chini wa seli ya utumbo, ule unaotazama mishipa ya damu, hufanya hivyo bila kutumia nishati yoyote: glukosi ikizidi ndani ya seli hutoka, ikizidi nje huingia. Huu ndio usambaaji wezeshwaji wa kwenye mtaala. Mbebaji wa aina hii hawezi kuitoa glukosi mahali ilipo kidogo na kuipeleka mahali ilipo nyingi, na kama utumbo ungekuwa na wabebaji wa namna hiyo tu, basi kila baada ya mlo sehemu ya sukari ingebaki humo humo hadi itoke na choo.

Sasa tufike kwenye pampu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi wa somo kuliko kitu kingine chochote katika mada hii. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, nchini Denmark, alikuwa akichunguza neva za miguu ya kaa. Katika tando za neva hizo alikuta kimeng'enya kinachovunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa kasi pale sodiamu na potasiamu zinapokuwapo pamoja, naye akatambua kwamba huenda amekutana na mtambo unaozihamisha ioni hizo. Ndivyo ilivyokuwa, na mwaka 1997 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Kwa kila molekuli moja ya ATP, pampu hiyo hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Kwa kazi hiyo isiyokoma, sodiamu ndani ya seli hubaki kwenye milimoli 10 hadi 15 kwa lita (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe zilizoyeyuka), wakati katika majimaji ya nje ni milimoli 140 hivi, na potasiamu huwa kinyume chake, nyingi ndani na milimoli 4 hivi tu nje. Angalau sehemu moja ya tano ya nishati inayotumiwa na mwili uliopumzika huishia kwenye pampu hizi, na mwili haungegharamia kiasi hicho kwa jambo dogo.

Faida ya gharama hiyo haionekani mara moja, na hapa nitatumia mfano wa nyumbani. Mwenye nyumba huwasha pampu ya umeme ili kupandisha maji kwenye tangi lililo juu ya paa. Umeme hutumika wakati wa kupandisha, lakini baadaye maji hushuka yenyewe bila umeme, na akitaka anaweza kuitumia nguvu ya kushuka huko kuzungusha kitu kingine. Sodiamu iliyotolewa nje ya seli ni kama maji ya tangi hilo. Inasukumwa kurudi ndani na tofauti ya ukolezi, na pia inavutwa na chaji hasi iliyopo ndani ya seli. Kinachokosekana ni njia tu, maana mafuta ya utando hayaipitishi.

Seli ya utumbo mwembamba imeipa sodiamu njia, lakini kwa sharti. Upande wake wa juu, unaotazama chakula, umejaa vijinyuzi vidogo mno vilivyosimama wima kama burashi, na juu ya vijinyuzi hivyo kuna mbebaji aitwaye SGLT1. Mbebaji huyu akiwa amefunguka kuelekea ndani ya utumbo hupokea kwanza ioni 2 za sodiamu. Zikishakaa mahali pake, umbo lake hubadilika kidogo na nafasi ya glukosi huwa tayari kuipokea molekuli moja. Vitatu hivyo vikiwa vimekaa, mbebaji hujifunga upande wa nje na kufunguka upande wa ndani, ambako sodiamu ni chache. Sodiamu hujiachia, glukosi nayo hutoka, na mbebaji aliye mtupu hurudi kuelekea nje kuanza upya. Sodiamu inaposhuka kwenda mahali ilipo kidogo, inaiburuta glukosi kwenda hata mahali ambapo glukosi ni nyingi tayari. Lakini tazama pia upande wa pili wa mapatano haya: mahali ambapo glukosi haipo, mbebaji huyu hana safari ya maana ya kuipeleka sodiamu ndani. Glukosi inahitaji sodiamu, na kwa njia hii sodiamu inahitaji glukosi.

Aliyelipendekeza wazo hili kwanza ni Robert Crane, mtaalamu wa biokemia wa Marekani, aliyeliwasilisha katika mkutano uliofanyika Prague mwezi Agosti 1960. Wakati huo hakuna aliyekuwa amemwona mbebaji mwenyewe. Jeni lake lilipatikana baadaye sana, mwaka 1987, katika maabara ya Ernest Wright huko Los Angeles. Hata hivyo kulikuwa na njia ya kulipima wazo la Crane, na njia hiyo ina uhusiano na pwani na nyika zetu. Miti ya jenasi ya Acokanthera, inayoota Kenya, Somalia, Tanzania na kwingineko, hutoa sumu ambayo wawindaji wa Kikamba, Kigiriama na Kisomali waliichemsha na kuipaka kwenye mishale kwa vizazi vingi. Mojawapo ya viini vya sumu hiyo ni uabaini, na uabaini huizuia pampu ya Skou isifanye kazi. Katika majaribio ya utumbo wa wanyama, uabaini ukiwekwa upande wa damu, ambako ndiko pampu zilipo, uchukuaji wa glukosi kinyume cha ukolezi wake hufifia, ingawa SGLT1, aliye upande mwingine kabisa wa seli, hajaguswa na sumu hiyo. Pampu ikisimama, sodiamu hujaa ndani ya seli, na mbebaji hukosa nguvu ya kumwendesha. Sijui jaribio jingine linaloonyesha kwa uwazi kama huu kwamba tando mbili za seli moja, wa juu na wa chini, hufanya kazi moja.

Tukirudi sasa kwa mwanafunzi wako, tunaweza kuifuata safari yote. Glukosi na sodiamu huingia kwenye seli kwa SGLT1. Sodiamu husukumwa nje upande wa chini na pampu, glukosi hutoka upande huo huo kwa GLUT2, na kloridi hufuata ili chaji zilingane. Vitu hivi vilivyoyeyuka hukusanyika kwenye nafasi nyembamba zilizopo kati ya seli na seli, na kwa muda mfupi majimaji ya hapo huwa mazito kuliko yale yaliyobaki katika uwazi wa utumbo. Maji huvutwa kuelekea huko, mengine yakipita katikati ya seli na mengine kupitia seli zenyewe, kisha huingia kwenye kapilari za damu. Osmosisi imefanya vile vile kama ilivyofanya kwenye kiazi, isipokuwa kwamba upande ulio mzito sasa ni upande wa mwili. Kazi hii si ya wakati wa ugonjwa tu. Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea lita 8 hadi 9 za majimaji, ambazo karibu lita 2 zimetoka kwenye chakula na kinywaji na zilizobaki ni mate, nyongo na maji mengine ya mmeng'enyo, na kati ya hizo zote kinachotoka na choo ni mililita 100 hadi 200.

Kuna jambo la pili linalomlinda mgonjwa, nalo ni kipimo. Kwa fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lita moja ya ORS ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Wanafunzi wako wa Kemia wanaweza kuzigeuza gramu hizo kuwa milimoli: watapata sodiamu 75, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20 na sitreti 10, jumla 245. Plazma ya damu, ikipimwa kwa namna hiyo hiyo, ni kama 290. Kwa hiyo hata kabla mbebaji yeyote hajaanza kazi, ORS iliyochanganywa vizuri ni hafifu kuliko damu, na haina sababu ya kuvuta maji kutoka mwilini. Fomula ya zamani ilikuwa na jumla ya 311, ikiwa na sodiamu 90 na glukosi 111. Nayo iliokoa watu wengi sana, lakini ilipopunguzwa, watoto wenye kuhara walitoa choo kidogo zaidi na wachache zaidi walihitaji dripu. Hofu ya mwanafunzi wako, kwa maneno mengine, ilikuwa na ukweli ndani yake, na wataalamu waliishughulikia kwa kupunguza ukolezi.

Ili kuona kwa nini sukari ndiyo inayoibeba dawa hii, tutazame kipindupindu, ugonjwa uliotufundisha mengi kuhusu utando wa seli kwa gharama kubwa ya maisha ya watu. Mwaka 1959 Sambhu Nath De alionyesha huko Calcutta kwamba bakteria wa kipindupindu hawahitaji kuivunja seli ya utumbo. Sumu wanayoitoa inatosha. Sumu hiyo hunata juu ya utando, kisha utando hujikunja kuelekea ndani na kuunda kifuko kinachoiingiza, na hiyo ni endositosisi ile ile ya kwenye mtaala, ikitumiwa na adui. Ikiwa ndani, sehemu yake moja huiharibu protini ya kuwasha ishara isiweze kuzimika tena. Kemikali ya ishara iitwayo saikliki AMP hupanda na kubaki juu, na mfereji wa kloridi uitwao CFTR hufunguka. Kloridi humwagika kwenye utumbo, sodiamu huifuata, maji huzifuata zote mbili. Papo hapo, njia nyingine ya kawaida ya kunyonya chumvi, isiyohitaji glukosi, huzimwa na ishara hiyo hiyo. Mgonjwa mzito anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ukimpa maji yenye chumvi peke yake, sehemu kubwa itapita tu na kutoka, kwa sababu njia ya chumvi imefungwa.

Lakini SGLT1 haiguswi na sumu hii. Seli bado ni hai, pampu zake zinafanya kazi, na mbebaji wa sodiamu na glukosi yuko pale pale akisubiri abiria wake. Ukiweka glukosi pamoja na chumvi, sodiamu hupata njia ya kuingia, na maji huifuata. Mfereji wa kloridi huendelea kuvuja, na ndiyo maana mgonjwa anayekunywa ORS huendelea kuharisha kwa muda; mama wengi wakiona hivyo huacha kumpa mtoto, wakidhani dawa haifanyi kazi. Inafanya. Kinachopimwa ni kama maji yanayoingia mwilini yanazidi yanayotoka, na kwa wagonjwa wengi huwa yanazidi. Hii ndiyo sababu ya sukari, mwalimu. Gramu 13.5 za glukosi kwa lita nzima ni chakula kidogo mno kuweza kumpa mtu nguvu, na haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliopewa mmumunyo wa glukosi na chumvi kwa kinywa walihitaji dripu kidogo sana kuliko wengine. Miaka mitatu baadaye, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alijikuta katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, dripu zikimwishia na wagonjwa wamelala sakafuni. Aliamua kutumia gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita, yakichanganywa na kugawiwa kutoka kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa ndio walionywesha. Vifo, vilivyokuwa kati ya asilimia 20 na 30, vilishuka hadi asilimia 3.6 miongoni mwa wagonjwa waliotibiwa chini yake. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa kuunganisha sodiamu na glukosi huenda ndio maendeleo muhimu zaidi ya tiba katika karne hiyo, nami nakubaliana nalo. Yaliyotokea Goma mwezi Julai 1994, ambapo makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walikufa kwa kipindupindu na kuhara damu katika wiki chache, yanaonyesha kwamba mbebaji wa utumboni hamsaidii mtu asiyekuwa na maji safi wala mkono wa kumnywesha.

Nimalizie na soda na madafu. Soda ya kawaida ina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, na ukolezi wake wote unaweza kufikia mara mbili ya ule wa damu au zaidi, huku sodiamu ikiwa karibu haipo. Hapa hoja ya mwanafunzi wako inatimia neno kwa neno: soda ikifika utumboni huvuta maji kutoka mwilini kwanza, na glukosi yake haina sodiamu ya kutosha ya kusafiri nayo. Mnaweza kulithibitisha kwa kiazi: kipande kilichotiwa katika soda iliyopoa gesi kitalegea, na kile kilichotiwa katika ORS iliyochanganywa sawasawa kitabadilika kidogo tu. Juisi za viwandani zenye sukari nyingi zina hatari ile ile. Hatari hiyo pia huingia nyumbani pale mzazi anapoongeza sukari kwenye ORS ili mtoto aipende, au anapomimina pakiti ya lita moja katika nusu lita ya maji. Pakiti zipo za vipimo tofauti, kwa hiyo maandishi ya juu yake yasomwe kabla haijafunguliwa.

Madafu ni bora kuliko soda, yana potasiamu nyingi ambayo anayeharisha huipoteza, na kwa mtu mwenye kuhara kidogo hayana ubaya. Hata hivyo sodiamu yake ni kidogo mno kulinganisha na inayopotea, na kwa mgonjwa wa kipindupindu hayawezi kushika nafasi ya ORS. Ikiwa pakiti haipatikani, mchanganyiko wa nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Sukari ya mezani si glukosi tupu. Kimeng'enya kilicho juu ya utando wa utumbo huivunja kuwa glukosi na fruktosi, na ni ile glukosi tu inayoingia pamoja na sodiamu, kwa kuwa fruktosi ina mbebaji wake, GLUT5, asiyehusika na chumvi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, na hapo ndipo madafu kidogo au ndizi iliyopondwa husaidia.

Uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi kwa kipimo hicho hicho nao umejaribiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu na kuonekana kupunguza choo. Wanga ni molekuli kubwa na chache, hivyo hauongezi sana ukolezi wa osmosisi. Humeng'enywa kidogo kidogo, na glukosi huachiliwa karibu kabisa na mahali mbebaji alipo. Mtoto akitapika, asubiriwe dakika 10 hivi kisha apewe tena kwa kijiko, taratibu, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Mgonjwa aliyelegea mno, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodidimia au ambaye ngozi yake ikifinywa hurudi polepole sana, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, kwa sababu yeye anahitaji dripu, huku akiendelea kupewa ORS njiani ikiwa bado anaweza kumeza.